Jedwali la Visanduku Kumi na Viwili

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na jedwali hili la nyakati za Kiingereza kabla hajazoea dawati lake la kidato cha kwanza. Mwalimu anachukua rula ndefu ya mbao na kuchora ubaoni safu tatu: wakati uliopo, uliopita na ujao. Kisha anazikata kwa mistari minne ya kulala: hali sahili, hali ya kuendelea, hali timilifu, na ndugu yao wa nne mwenye jina refu kuliko wote, timilifu ya kuendelea. Tatu mara nne, kumi na mbili. Kila kisanduku kinapata sentensi yake, kuanzia "I write" kwenye kona ya juu hadi "I will have been writing" kwenye kona ya chini kabisa, na darasa zima linanakili. Wanafunzi huziita tensi. Wanaisimu wa Kiswahili huziita njeo.

Mwanafunzi huyo hutoka darasani akiamini kwamba Mwingereza huzaliwa na jedwali hilo kichwani. Hazaliwi nalo. Jedwali lilijengwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka karibu elfu moja, na wengi wa mafundi wake walikuwa na Kilatini akilini walipokuwa wakikipima Kiingereza.

Waanglia na Wasaksoni walioanza kuhamia Uingereza katika karne ya 5 walikuja na kitenzi chenye sura mbili tu za wakati, moja ya sasa na moja ya zamani. Aliyetaka kuzungumzia kesho alitumia sura ya sasa, na maneno mengine katika sentensi yakaonyesha kwamba ni kesho. Tabia hiyo haijafa. Anayesema leo "The train leaves at six tomorrow" anafanya vile vile.

Taabu ilianza Kiingereza kilipoketishwa dawati moja na Kilatini. Karibu na mwaka 1000 mtawa mmoja, Ælfric, ambaye baadaye alikuwa abate wa Eynsham karibu na Oxford, aliandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya Kiingereza ili watoto waielewe. Hakuna sarufi ya Kilatini ya zamani kuliko hiyo iliyoandikwa kwa lugha ya kienyeji Ulaya. Alipofika kwenye wakati uliopita, Ælfric alikwama. Kilatini kilikuwa na maumbo matatu ya uliopita, na yeye mkononi alikuwa na moja. Akakirudia kitenzi kile kile mara tatu: mara ya kwanza "nilisimama" kikavu; mara ya pili akakiongezea neno lenye maana ya "kabisa"; mara ya tatu akakiongezea neno lenye maana ya "hapo zamani". Ni ujanja wa mwalimu aliyeishiwa vifaa, na mwalimu yeyote atamwelewa. Lakini tayari Kiingereza kilikuwa kimepimwa kwa rula ya lugha nyingine na kuonekana kimepungukiwa.

Watu wa mashambani na sokoni hawakuwa na habari na upungufu huo. Walikuwa wakijiundia vyombo vyao. Mtu aliyesema kwamba anayo barua, imeandikwa, alitumia kitenzi cha kumiliki, "have". Maneno yakazoeana, mpangilio ukabadilika, na umiliki ukasahauliwa: "I have written the letter" haisemi tena barua iko kwa nani. "Shall" lilikuwa neno la kuwiwa na kupaswa. "Will" lilikuwa neno la kutaka.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa hapo. Kiambishi -ta- cha wakati ujao nacho kimetokana na kitenzi "taka", na ushahidi hauko mbali: ukisema "atakayekuja" au "watakaofika", kitenzi kizima kinachungulia katikati ya neno. Kiambishi -me- nacho kimetokana na kitenzi cha kale cha kumaliza. Lugha mbili zilizokua mbali kabisa zilichukua kutaka kwa binadamu zikakugeuza kuwa kesho.

Hali ya kuendelea ilichelewa. Wapo wataalamu wanaoona kwamba baadhi ya mizizi yake iko katika usemi wa kuwa "kwenye" jambo, kama vile kuwa kwenye kuwinda, ambapo kihusishi kilipungua sauti hadi kikabaki "a-hunting" na mwisho kikadondoka. Hata hivyo hadi mwaka 1600 hivi haikuwa lazima. Katika tamthilia ya Hamlet, Polonius anapomwona mwana wa mfalme ameshika kitabu, anamuuliza anasoma nini kwa kitenzi sahili, bila "-ing". Mwanafunzi wa leo akiandika hivyo kwenye mtihani, Shakespeare hatamsaidia kupata alama.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyeimba "go, went, gone" darasani angependa kulijua. "Went" si mtoto wa "go". Ni umbo la zamani la kitenzi kingine, "wend", lililohamia nyumba ya jirani baada ya umbo la awali la "go" kuzeeka na kufa. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi zaidi ya 300 vilivyobadili irabu ya ndani kuonyesha jana, na vingi vimekwisha kunyooshwa. "Help" ni kimojawapo: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina "holpen" mahali ambapo leo kila mtu angeandika "helped". Orodha ya vitenzi visivyo kawaida inayokaririwa shuleni ni ya masalia ya kundi lililokuwa kubwa zaidi.

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa ilitoka mwaka 1586, kazi ya William Bullokar. Wakati huo watoto wa shule Uingereza walikuwa wakikaririshwa sarufi ya Kilatini iliyopewa jina la William Lily, ile ambayo serikali ya Mfalme Henry VIII iliidhinisha shuleni. Bullokar alitaka kuonyesha kwamba Kiingereza nacho kina kanuni, si lugha ya vurugu. Nia njema. Ila kanuni zilizokuwa mezani ni za Kilatini, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Aliyekataa nguo hiyo kwa sauti alikuwa mwanahisabati. John Wallis, profesa wa jiometri Oxford na mtu aliyeanzisha ile alama ya namba isiyo na mwisho inayofanana na nane iliyolala, alitoa sarufi ya Kiingereza mwaka 1653. Aliiandika kwa Kilatini ili wageni wa Ulaya waisome, lakini ndani yake akasema wazi kwamba kitenzi cha Kiingereza kina nyakati mbili tu, uliopo na uliopita. Mengine yote hufanywa kwa vitenzi visaidizi. Miaka 108 baadaye, mwaka 1761, Joseph Priestley, ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu kwa ugunduzi wa hewa ya oksijeni, alisema karibu yayo hayo: Kiingereza hakina umbo la kitenzi la wakati ujao, kwa hiyo hakuna sababu ya kukitafutia njeo ya wakati ujao. Huenda haikuwa bahati tu kwamba waliohesabu kwa usahihi walikuwa mwanahisabati na mkemia, watu waliozoea kuhesabu kilichopo mezani.

Wallis huyo huyo, kwa bahati mbaya, aliwaachia walimu mzigo mwingine. Alieleza kwamba nafsi ya kwanza ikitabiri hutumia "shall" na nafsi nyingine "will". Ikiwa ni ahadi au kitisho, vinabadilishana. Vitabu vya baadaye vikaugeuza ufafanuzi huo kuwa sheria, na sheria ikazaa kichekesho. Mgeni mmoja, katika masimulizi mengi Mwairishi au Mskoti, ameanguka mtoni na anapiga kelele kwamba anazama na hakuna wa kumwokoa. Lakini amekosea: kwake mwenyewe ametumia "will", kwa waokoaji "shall". Waingereza waliosoma wanasikia: nimeazimia kuzama, na ole wake atakayeniokoa! Wanavua kofia kwa heshima na kumwacha azame. Mwaka 1925 mwanaisimu wa Marekani, Charles Fries, alipekua tamthilia nyingi ili kuona watu wanasemaje hasa, akakuta mazungumzo hayaifuati sheria hiyo. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimekwisha kuikariri.

Kwa hiyo hesabu ya kumi na mbili ilitoka wapi, ikiwa Wallis na Priestley walipata mbili?

Mmoja wa walioitaja mapema na kwa ufasaha alikuwa James Harris, mwanafalsafa, katika kitabu chake Hermes cha mwaka 1751. Harris hakuanza na maumbo ya kitenzi. Alianza na wakati wenyewe: upo uliopo, uliopita na ujao, na katika kila mmoja tendo linaweza kutajwa bila mpaka, kuwa linaanza, kuwa katikati, au kuwa limekamilika. Tatu mara nne. Kumi na mbili zake si zile za ubaoni leo, kwa sababu yeye ana safu nzima ya kuanza, kama "I am going to write", na hana timilifu ya kuendelea. Lakini wazo la visanduku vilivyopangika kama mizinga ya nyuki liko pale.

Mlango wa shule hata hivyo ulifunguliwa na mtu mwingine. Lindley Murray alizaliwa Pennsylvania mwaka 1745, akafanya kazi ya uanasheria na biashara New York, na mwaka 1784 akahamia Uingereza akakaa karibu na mji wa York. Alikuwa Mkweka, na walimu wa shule ya wasichana ya Wakweka pale York walimwomba awaandikie kitabu. English Grammar yake ilitoka mwaka 1795. Ilikusanya mengi kutoka kwa waliomtangulia, hasa Robert Lowth, ambaye sarufi yake ya mwaka 1762 ilikuwa ikisomwa sana na ambaye baadaye alikuwa askofu wa London. Kitabu cha Murray kilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki, nakala zake zikafika mamilioni.

Murray alihesabu nyakati sita: uliopo, uliopita usiotimia, timilifu, timilifu iliyopita, ujao wa kwanza na ujao wa pili. Yeyote aliyesoma Kilatini anazitambua mara moja: ni sita za Kilatini, moja baada ya nyingine, zimevishwa vitenzi visaidizi vya Kiingereza. Katika karne ya 19 hali ya kuendelea ilikua kwa kasi hadi haikuweza kupuuzwa, na kila moja ya zile sita ikapata pacha mwenye "-ing". Sita mara mbili. Ndipo jedwali lilipotimia: Kilatini mara mbili.

Na ukuaji wenyewe haukuwa wa amani. Hadi mwishoni mwa karne ya 18, nyumba iliyokuwa ikijengwa ilielezwa kwa "The house is building", kana kwamba nyumba inajenga. Kisha vijana wakaanza kusema "The house is being built". Wakubwa walikasirika. Goold Brown alilishutumu umbo hilo katika sarufi yake nene ya mwaka 1851, na mwaka 1870 mhakiki wa New York, Richard Grant White, alilitengea sura nzima katika kitabu chake Words and Their Uses, akilipinga kwa hoja kwamba "is" na "being" ni kitenzi kimoja kilichorudiwa. Leo hakuna gazeti la Kiingereza linaloweza kuandika habari ya barabara au daraja bila umbo hilo. Aliyeshindwa katika ugomvi huo ni sarufi.

Mwaka ule ule wa 1870 kilitoka kitabu kingine, kinachogusa pwani hii. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu miaka kumi baadaye, alichapisha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Ni kazi ya mtu mwenye sikio zuri, na bila hiyo historia ya sarufi ya Kiswahili isingeandikika. Lakini alipofika kwenye viambishi vya kitenzi, majina aliyovipa ni yale aliyoyazoea kwao. Rula iliyotoka Roma ikaenda York sasa ilikuwa imeshuka bandarini Unguja. Mwaka 1944 E. O. Ashton, katika sarufi iliyotumika kwa miongo mingi, alijitahidi kukieleza Kiswahili kuanzia ndani yake. Hata hivyo darasani zoea lilibaki: -na- ni hii ya Kiingereza, -li- ni ile, -me- ni timilifu.

Athari zake zinaonekana kwenye madaftari. Mtoto anaambiwa -me- ni "has", kisha anaombwa atafsiri "Juma amelala". Anaandika "Juma has slept", na mwalimu anaikata kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa Juma bado anakoroma: "Juma is sleeping". Amevaa, amesimama, amekaa, amebeba, vyote vinamfanyia hivyo hivyo. Kwa Mswahili tendo la kuvaa limekwisha na hali yake ndiyo inayoonekana. Mwingereza analiona linaendelea. Halafu kuna "I am knowing", tafsiri mwaminifu ya "ninajua", inayokataliwa. Na kuna lile la Nairobi na Dar es Salaam linalowachanganya wageni: mtu anainuka, anasema "I'm coming", anatoka nje. Amesema "nakuja", yaani nitarudi sasa hivi, na katika Kiswahili hajakosea hata kidogo.

Tukitaka kuelewa jedwali ni nguo ya nani, tuligeuze. Kama shule zote za dunia zingetumia jedwali lililochorwa Lamu, mtoto wa London angekuwa akitoka jasho kutafuta umbo la Kiingereza la -ka-, ile ya "akaenda, akamwona, akarudi". Angetafuta la hu- ya mazoea na la -ja- ya jambo ambalo bado linangojewa. Angepewa sifuri, na mwalimu wake angeandika pembeni kwamba Kiingereza ni lugha maskini.

Katika karne ya 20 waliokuja kulifafanua jambo hili hawakuongeza kisanduku. Otto Jespersen, profesa wa Copenhagen, alisisitiza kwamba wakati ni kitu kimoja na umbo la kitenzi ni kitu kingine. Jina lenyewe la Kiingereza linapotosha, kwani "tense" lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya wakati tu. Katika "If I knew the answer" umbo ni la zamani, lakini jibu linatafutwa sasa hivi. Kiswahili kingesema "ningejua" bila kugusa jana.

Kisha mwaka 1947 Hans Reichenbach, mwanafalsafa Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi na kufundisha Istanbul kabla ya kuhamia California, alipendekeza kwamba njeo hutaka nukta tatu. Chukua abiria wa basi la mkoani. Basi linaondoka stendi saa 12 asubuhi. Abiria anafika saa 12 na robo. Saa 2 anamsimulia jirani: nilipofika stendi, basi lilikuwa limeondoka. Ipo nukta ya tukio, basi kuondoka. Ipo nukta ya kusemea, saa 2 kwa jirani. Na ipo ya tatu, mahali anaposimama kutazama: pale stendi, saa 12 na robo, akiwa na begi mkononi. Hiyo ndiyo "had left", na mwenye Kiswahili ameibeba tangu utotoni katika "lilikuwa limeondoka".

Nukta hiyo ya tatu inaeleza pia kosa linalosumbua kuliko yote, "I have seen him yesterday". Mswahili husema "nimemwona jana" bila kukwaruza sikio la mtu. Lakini anayesema "have seen" kwa Kiingereza amesimama sasa na anatazama kutoka sasa. Akiongeza "yesterday" amejihamisha jana huku miguu iko leo. Jedwali haliwezi kulionyesha hilo, kwa sababu visanduku havina mahali pa kusimama.

Vitabu vya kufundishia vilianza kulikubali hilo. Betty Azar wa Marekani, katika Understanding and Using English Grammar ya mwaka 1981, aliweka karibu na kila umbo mchoro wa mstari wa wakati wenye alama zake, na walimu wa nchi nyingi wakaukopa. Mwaka 1985 Randolph Quirk na wenzake watatu walitoa sarufi kubwa ya Kiingereza yenye kurasa zaidi ya 1,700. Humo njeo za Kiingereza ni mbili, kama alivyohesabu Wallis mwaka 1653.

Jedwali bado lina kazi. Linasaidia kukumbuka maumbo, na mtihani utayauliza. Mwalimu asilifute. Achore tu mstari mmoja chini yake, aweke nukta tatu na basi lililokwisha kuondoka, na kabla ya kuuliza jina la kisanduku aulize darasa: anayesema haya amesimama wapi?